Machozi Aliyoyaficha Katekista Anselmi

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya kaka yetu kama alivyotuachia mwenyewe, maana alisisitiza kwamba jambo moja lisifichwe.

Anselmi Jaribu Kapungu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 huko Ole, mtoto wa pili wa Mzee Jaribu na Bi Veronika, waliotoka Tabora kuja kuchuma karafuu na wasirudi tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ole kuanzia 1967 hadi 1973, kisha akajifunza useremala kwa Mzee Shaame wa hapa Tibirinzi, aliyemlea kama mwanawe, na milango mingi ya mtaa huu imepita mikononi mwake. Tarehe 7 Julai 1984 alifunga ndoa na Melania, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1995 akawa katekista wetu.

Tarehe 2 Juni 2010 mtoto wao wa mwisho, Eujenia, mwenye miaka tisa, alifariki kwa malaria baada ya kuugua siku tatu tu. Mama yake alipopaza sauti kaburini, Anselmi alimshika mkono akamwambia, "Nyamaza, Melania, mke wa katekista halii kama mtu asiye na tumaini." Melania akanyamaza, na jina la Eujenia halikutajwa tena nyumbani, huku waumini wakimsifu Anselmi kwa imani yake. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa akienda mikarafuuni, akilia hadi koo linamkauka, kisha ananawa uso na kurudi kama aliyetoka kutafuta mbao, na kila sifa aliyopewa ilimchoma.

Tarehe 9 Mei 2021, akiongoza maziko ya mtoto mwingine, alitaka kumwambia mama mfiwa maneno yale yale, yakamkwama, akalia mbele ya watu wote. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akasema, "Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, mimi nikamkataza mama kumlilia mwanawe. Nililinda heshima yangu." Nyumbani akamwomba Melania msamaha na kumweleza habari za mikarafuuni. Shemeji akasema, "Miaka kumi na mmoja, baba Eujenia, nilidhani nalia peke yangu."

Tangu hapo walisali pamoja, wakimuuliza Mungu waziwazi kwa nini, na siku nyingine sala iliishia kwenye kilio. Hata hivyo aibu haikumtoka. Novemba 2023 kisukari kilimharibia figo, na kitandani aliomba msamaha tena, Melania akamjibu, "Nimekusamehe, ila bado inaniuma." Akasema hilo lilimtosha. Alifariki tarehe 18 Februari 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, jirani yetu Bi Nadhira na majirani wengine wa Tibirinzi waliotupikia tangu siku ya msiba, na mafundi wenzake waliomtengenezea jeneza hili.

Kaka Anselmi, lala kwa amani mikononi mwa Mungu, nasi utuache tukulilie.