Viti vya Buswahili Vibaki Vitupu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu wa Juni, Bwana Yusto Nyamhanga anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kuwa bwana shamba katika wilaya za Bunda na Butiama. Ukumbi umeshapatikana hapa Musoma, wapishi wa pilau tumeshapatana nao, na kazi pekee iliyobaki ni kumfanya mwenyewe akae kwenye kiti hadi mwisho wa sherehe. Hiyo ndiyo inayoisumbua kamati.

Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Kiti chake cha ofisini bado kina nailoni ya dukani. Akisikia kuna mahali majani yameota michirizi, kofia kichwani, pikipiki imewaka, na chai tunaimalizia sisi.

Alianzia kwenye pamba Bunda, akahamia Kisorya kwenye nyanya na matikiti yanayovuka kwa kivuko kwenda Ukerewe, kisha Buswahili, wilayani Butiama. Kote huko adui yake alikuwa yuleyule: mdudu anayejificha ndani ya jani na kulila katikati, akiacha ngozi ya juu na ya chini. Wakulima humwita mchora ramani. Wakiuona mchoro wanakimbilia bomba la dawa. Wasipouona umefutika, wanapiga tena. Nyamhanga yeye huchuma jani, akalielekeza juani, akatafuta kama mdudu bado yumo. Mara nyingi ameshatoka, na mchoro ni kovu tu. Kovu halifutiki hata umwage pipa zima, na utakaowaua ni wale nyigu wadogo wanaomla huyo mdudu bila kudai posho.

Padri mmoja wa Bunda alimnunia wiki nzima kwa kumzuia kupiga dawa michungwa yake mikubwa kwa ajili ya majani machache yaliyojikunja. Michungwa ikazaa kama kawaida, na padri akamletea kapu. Kwenye harusi ya mpwa wake hapa mjini, Nyamhanga alitafutwa aje kutoa neno la ukoo, akakutwa nyuma ya meza ya maharusi akinyonyoa majani ya maua ya mapambo. Mpambaji nusura amrukie. Picha nzuri kuliko zote za harusi ile ina mgongo wake.

Buswahili ndiko kulikomtoa jasho. Alipoingia kantangaze, yule nondo ambaye funza wake hula jani la nyanya kisha huhamia kwenye tunda, kila mkulima alipambana kivyake. Huyu akisafisha leo, kesho nondo wanatoka kwa jirani. Nyamhanga akawaomba waite risaga, ile kazi ya pamoja ambayo majirani huitana wakati wa palizi na mavuno, safari hii kwa kuchuma majani yenye funza: bustani zote, siku moja. Walimcheka sana. Walikuja hivyo hivyo, kwa kuwa togwa ilikuwapo.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka kwenye kutupa. Watu wa ng'ombe hawapotezi jani. Yote yalibebwa hadi kwenye lundo la samadi kando ya zizi, yawe mbolea. Pale juu ya samadi funza wakageuka nondo kwa raha zao, wakarudi bustanini. Nyanya za msimu ule ziliozea shambani. Mama Wegesa, mwenyekiti wa kikundi, alimwuliza mbele ya watu: "Bwana shamba, wewe ulikuwaga wapi tukibeba majani?" Alikuwa bustani nyingine, anakimbia huku na huku. Tangu hapo risaga huanza kwa kuchimba shimo la kuyafukia, na hakuna anayegusa jani kabla shimo halijafika magotini. Siku hiyohiyo hutegwa mabeseni ya maji ya sabuni yenye harufu ya nondo jike, madume yafie humo.

Mavuno yakarudi, lakini utulivu wa Nyamhanga haukurudi. Kila msimu ni yeye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwapangia siku. Msimu aliougua, risaga haikufanyika, kila mtu akimngoja mwenzake aanze, na nyanya zikaliwa zote. Mwezi huu kantangaze ameonekana tena Buswahili. Swali lake kwangu ni lilelile asubuhi na jioni: akikabidhi pikipiki, nani atawaita? Wasiwasi wake ukaniambukiza.

Sasa, kaka Yusto, hapa usome polepole. Jumamosi utaona safu ya mbele ina viti vyenye jina la Buswahili, na hakuna aliyekalia. Usitazame mlango. Usiulizie funguo za pikipiki. Tuliwaalika wote, na juzi Mama Wegesa akanipigia simu: "Dada Matrida, mtusamehe, hatuji. Jumamosi tuna risaga. Mashimo tumeshachimba. Na yeye mumshikilie hukohuko, tunamjuaga, atatuhangaisha tu."

Nilimwuliza ni nani aliyewapitia. Akasema hakuna, wameitana wenyewe. Nilipokata simu nililia kidogo, halafu nikacheka.

Asante kwa kila jani ulilotufundisha kulitazama kabla ya kulihukumu. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi mnono na siku ndefu za furaha nyumbani. Kamati ilitaka kuvijaza viti vile kwa wageni wengine, nikakataa. Vibaki vitupu mbele yako, uvitazame, mpaka chai yako iishe.

Matrida, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako