Mwalimu Rudia na Mrejesho Aliousubiri

Ndugu waombolezaji, tunayemsindikiza leo ni kaka yangu mkubwa, mliyemjua kwa jina la Mwalimu Rudia. Mimi ni mdogo wake wa kike. Nimepewa kazi ya kusoma haya kwa kuwa katika familia hakuna aliyembishia kama mimi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1952, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga iliyopakana na karakana ya seremala. Mkunga alimtangazia baba habari kupitia dirisha huku msumeno wa mashine ukiunguruma. Baba alipiga makofi, akamshukuru Mungu, kisha akaingia ndani kuuliza amezaliwa nini. Kaka alipenda kusema kwamba alikutana na kelele kabla ya kukutana na baba yake.

Alisoma shule ya msingi na sekondari mjini hapa, na mwaka 1972 akajiunga na chuo cha ualimu. Huko ndiko alikouona mchoro uliomharibu. Mkufunzi alichora ubaoni visanduku viwili: mtumaji kushoto, mpokeaji kulia, na katikati mshale wa ujumbe. Chini yake akaandika "kelele", yaani chochote kinachouvuruga ujumbe njiani. Darasa zima lilinakili, likaridhika. Kisha mkufunzi akachora mshale wa pili, unaorudi kwa mtumaji, akauita mrejesho. Kaka akawa kama mtu aliyeokoka. Likizo ile mama alimwambia afagie ua. Badala ya kushika fagio, akasema, "Mama, nilivyokuelewa, unataka ua uwe safi kabla wageni hawajafika." Mama akamzaba kibao. Kaka alikiri kwamba huo nao ulikuwa mrejesho.

Tangu 1975 hadi alipostaafu mwaka 2012 alifundisha mawasiliano katika chuo cha makarani na wapokezi wa wageni. Kila somo lilikuwa na amri moja: "Rudia nilichosema, kwa maneno yako." Ukipatia, alisema, "Umepata." Ukikosea, "Hujapata," hata kama wewe ndiye mkuu wa chuo. Katika kikao kimoja alimwomba mkuu arudie malalamiko ya walimu. Mkuu alijaribu, akakosea, akajaribu tena, jasho likamtoka, mwisho akagundua kwamba wanamlalamikia yeye.

Wifi yangu ni fundi wa nguo, na walijuana kaka alipompelekea suruali ya kupunguza. Siku ya kumposa, wifi alikuwa na pini mdomoni, maana yake njia ya mrejesho ilikuwa imezibwa, lakini mtaalamu wetu hakuliona hilo. Alichukua chaki ya fundi, akachora visanduku viwili juu ya meza ya kukatia, akaeleza mapenzi yake kwa mishale. Wifi alizitoa pini moja moja.

"Nimesikia."

"Rudia basi."

"Si nimeshasema nimesikia? Hebu simama wima nikupime koti la harusi."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 7 Agosti 1982.

Katika nyumba ile sote tulirudia. Watoto walirudia, wajukuu walirudia, mpaka fundi bomba alirudia kabla ya kulegeza koki. Wifi peke yake aligoma. Aambiwe anapendwa, aambiwe chumvi imezidi, jibu lilikuwa lilelile: "Nimesikia." Siku moja nilimtania kaka, "Mtu kakushonea makoti maisha yako yote, bado unataka risiti?" Hakucheka. "Mdogo wangu," alisema, "nisije nikaondoka bila kujua kama ujumbe ulifika." Nilimwona alivyoogopa, na iliniuma.

Julai mwaka jana alianza kuumwa koo. Daktari alimweleza hali yake kwa maneno marefu sana, na kaka akamsikiliza hadi mwisho. "Ngoja nirudie, daktari. Nakufa." Daktari akainamisha kichwa. "Ndiyo, mzee." Kaka akamshukuru kwa mrejesho safi.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Wifi alikuwa kando ya kitanda akikunja blanketi, mimi nipo mlangoni na chupa ya chai. Kaka akasema, "Nimechoka."

Nililijua jibu kabla halijatoka. Lakini wifi aliliweka blanketi chini, akamshika mkono.

"Umesema umechoka. Ila hutaki kwenda, kwa sababu unaogopa nitabaki peke yangu."

Kaka aliubana mkono wake.

"Umepata," akasema.

Alifariki kabla ya adhuhuri.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, mimi mbishi wake, na makarani wasiohesabika wanaowachosha watu kwenye simu kwa kuwauliza kama wamewaelewa vizuri.

Jana nilimsomea wifi maandishi haya, nikamuuliza kama kuna cha kurekebisha. Alifuta macho, akakunja kitambaa chake vizuri.

"Nimesikia," akasema.

Kaka, pumzika kwa amani. Ujumbe wako ulifika.