Vijiwe vya Mama Pindo

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi cherehani, Mama Pindo. Amefariki akiwa hijani, siku ya pili ya kurusha vijiwe. Siku ya pili, wapendwa, hija ikielekea ukingoni.

Jina hilo alipewa na wateja. Nguo haikutoka dukani kwake mpaka pindo amelipiga mwenyewe. Mdogo wake, aliyefanya naye kazi miaka thelathini, alikuwa mshona vifungo. Akigeuka tu, dada mtu anavikata, anavishona upya.

"Hujakosea, mdogo wangu. Mkono wangu haujapita tu."

"Na chai niliyokunywa, nikutapikie uinywe upya?"

Hija walikwenda wote wawili. Miguu ya Mama Pindo ilikuwa imevimba, presha iko juu. Na kuzifikia nguzo za kurushia vijiwe ni mwendo mrefu, jua kali, watu wamebanana. Sheikh wa msafara akamwita.

"Mama, dini haikukutwika usichoweza kubeba. Mgonjwa ana ruhusa ya kumtuma mtu amrushie. Mdogo wako atarusha vyake, kisha vyako. Hija yako ni kamili."

"Kamili kabisa, sheikh?"

"Kamili, mama. Pumzika."

Akampa mdogo wake vijiwe vyake ishirini na kimoja, kavifunga kwenye kitambaa. Mdogo mtu akatania, kama walivyozoea: "Haya, Hajati wa kuagiza! Nikirudi usije ukavifumua na hivi."

Hema zima likacheka. Mama Pindo naye akacheka. Lakini lile neno lilimkaa moyoni.

Mdogo mtu akaenda. Akarusha vyake. Akarusha vya dada yake, kimoja kimoja, akimtaja jina. Akarudi mbio na habari njema. Akakuta godoro tupu.

"Kaokota vijiwe vingine," mama wa godoro la pili akamwambia. "Kaondoka polepole. Kasema hiyo ni hija yake, hawezi kumwachia mtu aimalizie."

Alianguka njiani, wasikilizaji. Nguzo hakuziona. Joto na presha vilimshinda, na hospitalini hakuamka tena.

Mdogo mtu alinipigia simu, sauti imekatika. "Nilihesabu mwenyewe, bibi. Vyake vyote viliingia. Angenisubiri robo saa tu, ningemwambia. Na mimi kwa nini nilimtania?"

Pole sana, mwanangu. Mlitaniana miaka thelathini, wala hukumtakia baya. Pole kwa familia nzima, na kwa wateja mliozoea kumkuta pale kwenye cherehani.

Nanyi mnaojiandaa na safari, ruhusa ya dini si ya wavivu. Ukipewa, ipokee, ukae kivulini bila aibu. Na sisi wa pembeni, tukimwona mwenzetu amekaa, tumpelekee maji, utani tuuache nyumbani.

Mungu amrehemu Mama Pindo. Hija yake ilikuwa kamili, wapendwa. Ilikuwa kamili, naye alikuwa bado njiani akiitafuta.