Siku Saba Kabla ya Thelathini: Bi Radhia bint Sinan na Dele Lake

Bi Radhia bint Sinan ameutumikia umma kwa miaka ishirini na tisa, miezi kumi na moja na siku ishirini na tatu. Amestaafu Alhamisi iliyopita, tarehe 23 Oktoba 2025. Wanaojua hesabu wameshaona kasoro. Angengoja wiki moja tu, miaka thelathini ingetimia. Jina lake lingechongwa kwenye ubao wa shaba pale mapokezi, na mkononi angevaa ile saa ambayo mtumishi hupewa siku anayoacha kuihitaji.

Barua yake ya kuomba kuondoka mapema iliingia masjala mwezi wa Agosti. Wakubwa waliirudisha mara mbili wakidhani amekosea tarehe. Mara ya tatu aliambatisha kalenda.

Tumeombwa sisi wa masjala tuandike wasifu huu kwa Kiswahili, kwa sababu ule wa Kiarabu umeshaandikwa na watu wenye vyeti, na kwa sababu nusu ya ofisi hii ikikasirika hukasirika kwa Kiunguja. Tutajaribu kueleza zile siku saba zimekwenda wapi.

Bi Radhia alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati na wazee wake akiwa na miaka minane na Kiarabu cha salamu tu. Mwaka 1995 aliajiriwa kama mpiga chapa katika idara ya mikopo ya nyumba. Kazi yake kubwa ilikuwa kuchapa barua za kuwakatalia watu. Inasemekana barua hizo zilikuwa za adabu kiasi kwamba waliokataliwa walirudi kushukuru. Hilo hatukulithibitisha, lakini hatukumpata aliyerudi kutukana.

Mwaka 2011 kambi ya jeshi iliyokuwa karibu na kijiji cha Hayl Sidra, upande wa pili wa Qurayyat, ilihamishiwa bara. Askari wakipewa amri ya kuhama huhama na vitanda vyao. Wanakijiji hawakupewa amri yoyote. Asubuhi moja waliamka, na lile lango walilolizoea kwa miaka arubaini limefungwa kwa mnyororo. Kinyozi alikuwa na viti vitatu na hana kichwa cha kunyoa. Mwoka mikate alikuwa ameshakanda unga. Mfua nguo alibaki na mashati ya watu ambao hakujua wamepelekwa wapi.

Ndipo ukaanzishwa Mfuko wetu, wa kuvikopesha bila riba vijiji vilivyoachwa na kambi ili watu wabadilishe kazi au wahamishe maduka. Tukapewa ofisi hapa Wadi Kabir, juu ya duka la matairi, na Bi Radhia akawa ofisa wa kwanza wa ziara. Bila ya ofisa kufika, kuona na kutia saini, mkopo hautoki.

Pamoja na Mfuko ukaja waraka: ofisa asipokee chochote kwa mwombaji, hata kikombe cha kahawa. Aliyeuandika lazima alikuwa mtu mwema, ila hakuwahi kuingia nyumba ya mtu. Nchi hii hakuna anayezungumza shida yake kabla kahawa haijamiminwa, na mgeni anayekataa kikombe ni kama amekuja kugombana. Maofisa wengine walikunywa wakanyamaza. Mmoja alivuka kahawa akafika kwenye mbuzi. Bi Radhia aliandika ripoti, mwenzake akahamishwa, na tangu hapo hakuweza tena kulamba hata tende ya mwombaji. Ukishamwandikia mwenzako kwa ajili ya mbuzi, kahawa unaiacha.

Njia aliyoipata ilikuwa yake peke yake. Alinunua dele la shaba, akawa anapika kahawa nyumbani kwake, anaitia hiliki, anaifunga kwa taulo na kuipakata kwenye gari mpaka Hayl Sidra, pamoja na tende zake na vikombe vyake. Akifika kwa mwombaji anamimina yeye. Waraka ulikataza kunyweshwa, kunywesha haukukutaja.

Kilichomponyoka siku ya kwanza ni kwamba kwa desturi yetu kahawa na chakula hutoka nje kuingia ndani ya nyumba siku moja tu, siku ya msiba, pale jirani anapowapikia wafiwa. Bi Radhia alishuka garini na dele na sinia, amevaa buibui jeusi, akabisha kwa Bi Afra, yule mwoka mikate. Kijiji kikaona. Dakika kumi baadaye wanaume wamejipanga nje, wanawake wamejaa ukumbini, na watu wanasoma Fatiha. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuliza nani kafa. Bi Afra mwenyewe alilia vizuri sana, akisubiri mtu ampe jina. Ilipojulikana kwamba hakufa mtu, mzee mmoja alisema wasiondoke basi, wamalize, maana kambi nayo ilikuwa haijasomewa. Siku hiyo hiyo Bi Radhia aliondoka na maombi manne yaliyojazwa, na tangu hapo Hayl Sidra wakamwita Bi Msiba, kwa mapenzi.

Kwa miaka kumi na minne Kasiani, dereva wetu kutoka Lushoto, alimpeleka huko kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Mwanzoni ilikuwa Jumatano. Wikiendi ilipohamishwa kutoka Alhamisi na Ijumaa kwenda Ijumaa na Jumamosi, na ziara ikahama. Kinyozi alikopeshwa akahamia mjini Qurayyat. Mfua nguo akanunua mashine akamfuata. Bi Afra sasa ana tanuri mbili, na picha ya dele ukutani. Kazi ya Bi Radhia ilifanikiwa kiasi kwamba mtaa wote wa mbele ya lango ulihama, duka moja baada ya jingine, mpaka kikabaki kiti kimoja cha kinyozi nje, kinakaliwa na paka, na duka moja lililo wazi.

Duka hilo ni la Bwana Thani, fundi cherehani.

Bwana Thani alishona sare za jeshi kwa miaka thelathini na mbili. Nje ya duka lake kuna benchi la mbao. Maofisa waliokuja kupimwa walikuwa wanakaa pale, wanakunywa kahawa yake na kusema uongo wao. Mkewe alifariki mwaka mmoja kabla ya kambi kuhama, na watoto hawakujaaliwa, kwa hiyo lile benchi ndilo lililokuwa nyumba yake. Bi Radhia alipofika mara ya kwanza na dele lake, fundi alilitazama, akamtazama yeye, akaenda ndani kuleta dele lake mwenyewe. Bi Radhia akamweleza waraka. Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, maana ni mtu wa adabu, kisha akaapa.

"Wallahi sitii saini, Radhia, mpaka unywe kikombe changu."

Hapo ndipo jalada lake liliposimama. Yeye hanywi, yule hasaini. Kila ziara Bi Radhia alikaa upande mmoja wa benchi na dele lake, fundi upande wa pili na lake, mlango wazi, na Kasiani garini amefungua dirisha. Kila mmoja alikunywa kahawa yake. Walizungumza vitambaa, mvua, bei ya uzi, na nani kahama. Baada ya saa moja Bi Radhia anatikisa kikombe chake mwenyewe, kama mgeni anavyotikisa kuonyesha kwamba ametosheka, anakirudisha kwenye kikapu, anaondoka. Kwenye jalada anaandika: "Mwombaji bado anafikiri."

Loai, ofisa wetu kijana, aliwahi kupelekwa badala yake wakati Bi Radhia anaumwa. Alimshauri fundi kwamba kiapo kina kafara yake, afunge siku tatu asaini. Bwana Thani alimjibu kwamba kafara ni ya mtu aliyeapa kwa hasira, na yeye aliapa akili zake zote zipo. Loai alirudi mapema siku ile.

Ofisi ilimcheka Bi Radhia, tuseme ukweli. Jalada moja, miaka kumi na minne. Lakini masjala ndipo majalada yanapolala, na sisi tuliona mambo mengine. Tuliona kwamba Bi Radhia angeweza kuomba waraka ulegezwe, na hakuomba. Jalada likifungwa, ziara imekwisha. Anaishi mtaa wa Madinat Sultan Qaboos katika nyumba ya marehemu kaka yake, vyumba vitano, anatumia kimoja. Watoto wa kaka wako Doha na London, hupiga simu Ijumaa kwa zamu. Chakula cha mchana alikila hapa ofisini, mezani kwake, ameelekea ukutani, na akimaliza hupangusa meza kama vile atakuja kukaa mtu. Alipika kahawa mara moja tu kwa mwezi. Hili alilisema mwenyewe, hapa masjala, siku tulipomuuliza kwa nini hatuletei na sisi: kwamba dele zima ni kubwa kwa mtu mmoja.

Mwezi wa Julai zikaja barua mbili. Ya kwanza ilisema dirisha la maombi ya Hayl Sidra litafungwa Jumapili, tarehe 26 Oktoba, na asiyetia saini hadi siku hiyo jalada lake lifutwe. Ya pili ilisema mtaa wa mbele ya lango utakatwa umeme mwisho wa mwaka, kwa kuwa hauna watu. Mtu mmoja, kwa lugha ya barua, si watu. Bila mkopo Bwana Thani asingepata duka mjini. Angebaki gizani na mashine nne na kabati la vifungo vya shaba vya jeshi.

Bi Radhia alizisoma barua zote mbili amesimama. Akaomba kitabu cha kanuni za utumishi, akakaa nacho siku mbili, na tulidhani anatafuta kifungu cha kulegeza waraka. Kumbe alikuwa anatafuta kifungu cha kujilegeza yeye. Waraka unamfunga ofisa. Hausemi kitu kuhusu mwanamke mstaafu wa Madinat Sultan Qaboos. Tarehe yake ya kustaafu ilikuwa 30 Oktoba, na dirisha linafungwa 26. Akaandika ile barua iliyorudishwa mara mbili.

Hakuna aliyemwambia asubiri saa yake. Au tuseme walimwambia wengi, naye akajibu kwamba saa anayo kwenye simu.

Jumamosi, tarehe 25, alikwenda Hayl Sidra na gari yake ndogo, mikono mitupu. Loai na Kasiani walifuata nyuma na gari ya ofisi, na jalada. Kasiani ndiye aliyetuhadithia. Anasema Bwana Thani alikuwa nje amevaa kanzu mpya, na benchi limepanguswa. Alitafuta kwa macho lile dele la mgeni, hakuliona.

"Na waraka?" akauliza.

"Waraka umebaki kazini," Bi Radhia akamwambia. "Mimi nimeacha kazi."

Fundi akaingia ndani, na Kasiani anasema alikawia, kama mtu anayetafuta kitu ambacho hakijapotea. Alipotoka alimimina. Bi Radhia akanywa. Fundi akaweka dele chini, akamwomba Loai kalamu, akatia saini pahala pote palipohitajika saini, pamoja na pahala pawili pasipohitajika. Loai akapewa kikombe, akakataa kwa adabu, akaachwa kwa adabu. Duka jipya mjini litashona sare za skuli. Jumapili asubuhi jalada lilifika mezani kwetu, limekamilika. Tuligonga muhuri, tukaliweka pamoja na yaliyofungwa, na kuna nafasi pale lilipokuwa ambayo bado hatujaizoea.

Kasiani anasema jambo moja zaidi. Wakati wa kuondoka, Loai alimuuliza Bi Radhia kama wamngoje. Bi Radhia alikuwa na kikombe mkononi, kitupu, fundi amesimama na dele, na wote wanajua kinachosubiriwa. Kwa kawaida cha pili mtu anatikisa, au cha tatu. Kasiani alihesabu mpaka cha saba, akaona haya, akawasha gari.

Sherehe hii ya kumuaga ilipangwa leo, Alhamisi, tarehe 30, kwa heshima ya ile miaka thelathini. Biriani imeagizwa, na kiti chake kimefungwa utepe. Jana alitupigia simu kuomba radhi. "Kesho nna kwangu, mwanangu," alisema, kisha akajirekebisha: nna pahala pa kwenda. Tulipotazama kalenda, leo ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo tunamuaga mtu ambaye hayupo, na hiyo labda ndiyo njia ya haki kwa ofisi ambayo kwa miaka mingi ilimwacha ale peke yake ameelekea ukutani. Dele lake ameliacha hapa masjala bila maelezo. Hatujui lisajiliwe chini ya herufi gani. Tumeliweka juu ya kabati, na asubuhi ya leo kuna mtu amelisugua, hatukuuliza nani.

Bi Radhia, ahsante kwa kila kilomita, na kwa barua zako za kukataa, na kwa msiba ule wa kwanza. Kijiji kizima umekiweka pahala pake, na sisi hatukukuuliza hata siku moja wewe unakwenda wapi. Mola akupe afya, na njia ya Qurayyat ikuwie nyepesi. Kikombe usikitikise kwa ajili yetu. Biriani yako tutakuwekea.