Mama wa Darajani: Maisha ya Fundi Hieronymus Lauterbeck

Mchungaji, wazee wa mafundi, ndugu na majirani, familia imenipa mimi, Ursula, binti wa mwisho, kazi ya kuwasomea habari za baba yetu, na kwa kuwa sauti yangu ni ndogo, naomba mlio nyuma msogee.

Baba yetu Hieronymus Lauterbeck alizaliwa hapa Nuremberg tarehe 14 Machi 1629, mtoto wa tatu wa mfua shaba Lorenz Lauterbeck na mkewe Barbara, akabatizwa kesho yake. Alisoma shule ya mtaani kwetu mpaka mwaka 1641, kisha akapelekwa kwa mchonga mihuri, akajifunza kuchonga picha kinyume ndani ya chuma cha pua, ili nishani ikipigwa itoke sawasawa. Alipokelewa kuwa fundi kamili mwaka 1655, na tarehe 8 Mei 1656 alifunga ndoa na mama yetu, Sabina, wakajaliwa watoto watano, na kati yao tuliobaki ni kaka Endres na mimi.

Jina lake lilijulikana kwa nishani za ushindi wa vita. Kila fundi hutaka kuwa wa kwanza kuzifikisha sokoni Frankfurt, kwa hiyo baba, kama wenzake, alichonga mapema, habari ya vita ikiwa bado njiani. Mwaka 1688, ngome moja ya adui kando ya Mto Danube ilipozingirwa na askari wetu, alisikia kwamba wenyeji wameahidiwa kutoka salama, akachonga daraja, na juu yake mama mwenye mtoto mgongoni akivuka, askari wetu wakimpisha, akaacha wazi nafasi ya tarehe tu. Ngome ilipoanguka tarehe ikajazwa, na nishani ile ilipendwa kuliko zote, hata wengi mlio hapa mliwapa watoto wenu wa ubatizo.

Mwaka uliofuata aliletwa mjini mwanamke mateka wa ngome ile, Hatije, akawa mtumishi katika nyumba ya jirani yetu mfanyabiashara, akaiona nishani mezani pa tajiri wake, akaja nayo karakanani, nami nilikuwapo nikimnyonyesha mwanangu.

"Baba fundi, huyu mama ni nani?"

"Si mtu hasa, mwanangu. Ni wa kupendezesha tu."

"Basi amefika mbali. Sisi tulifunguliwa lango, tukauawa pale pale darajani. Dada yangu alikuwa na mtoto mgongoni. Hata katikati hakufika."

Siku ile ile baba aliuvunja kwa nyundo muhuri wa kupigia nishani ile. Rafiki yake, fundi Veit, alimcheka, "Lauterbeck, ukililia kila ngome utakula nini? Kwani wewe ulishika upanga?" Baba akamjibu, "Sikushika, Veit. Mimi nilifuta damu."

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiomba nishani zirudi, aziyeyushe. Mke wa mwoka mikate, ambaye yupo hapa na anisamehe, alimwambia mlangoni, "Mzee wangu, zawadi ya ubatizo hairudishwi! Mwanangu ameota meno akiitafuna, kamwombe mwenyewe!" Watu walicheka, naye baba alicheka kidogo, lakini jioni hiyo hakugusa chakula. Wachache walimpa, wengi walikataa, wakiona ni kama kumnyang'anya mtoto baraka yake. Tangu hapo hakuchonga tena ushindi, alichonga harusi na ubatizo tu.

Alimwomba Hatije msamaha, naye akasema, "Wangu nakupa, baba. Wa wale waliolala pale sina."

Novemba 1692 baba alianza kuugua kifua, akafariki tarehe 9 Februari 1693, saa za alasiri, Hatije akimshikia kikombe. Tunamshukuru Daktari Ketzel, aliyekuja hata kwenye theluji, tunawashukuru majirani kwa kuni na supu, tunawashukuru mafundi wenzake, na wewe Veit, uliyembeba leo.

Nishani zile bado zimo katika nyumba zenu, na baba hakuniachia neno la kuwalazimisha. Aliniagiza jambo moja, kwamba nisimwombee yeye amani kabla ya wenye haki nayo. Basi, dada yake Hatije, na mtoto wako, nanyi nyote mliobaki darajani, pumzikeni kwa amani. Na wewe baba, nyuma yao, pumzika kwa amani.