Bi Lango na Kinga Iliyozidi

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mshona mashuka. Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Nafasi ya sekondari aliipata, ila mama yao alikuwa hoi kitandani, na mdogo wake hajajua hata kufunga kamba za viatu. Akabaki, akamlea.

Mwaka 1993 aliajiriwa ulinzi katika kiwanda cha sabuni, ndiko alikopata jina la Bi Lango. Siku moja alimzuia meneja mwenyewe, kadi kaisahau nyumbani.

"Bi Lango, si unanijua?"

"Uso naujua, baba. Kadi ndiyo siioni."

Meneja akarudi kuifuata.

Tarehe 9 Septemba 1995 aliolewa na dereva wa lori wa hapohapo kiwandani, aliyesema amechoka kupekuliwa na mtu asiye mkewe. Walijaliwa mabinti wawili.

Januari 2023 tumbo lilianza kumkata, choo kikawa cha damu, akakonda. Majirani wakajiamulia kwamba kinga imeshuka, na sote tunajua walimaanisha nini. Daktari akakataa. Alimweleza kwamba mwilini mna askari waitwao seli T: wapo wa kupigana, wapo wa kuwatuliza wenzao, na watulizaji nao si wa aina moja, wa ngozi si wa utumbo.

"Watulizaji wako wa utumboni wamelegea, mama. Wapiganaji sasa wanampiga mwenye nyumba."

Akapewa vidonge vya kuwapunguza nguvu wapiganaji hao. Akanawiri, akarudi langoni.

Mei 2024, mdogo wake alimsomea karatasi ya ndani ya boksi: dawa hii hupunguza kinga ya mwili.

"Dada, mgonjwa anapunguzwa kinga? Huyu daktari anakumaliza."

Marehemu hakubisha. Aliacha vidonge, akanywa dawa za kuongeza kinga alizonunuliwa na mdogo wake huyohuyo. Jumapili alifua mapazia yote ya nyumba. Jumatano utumbo ulitoboka. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi. Miaka hamsini na mitatu. Mapazia yalikuwa hayajarudishwa madirishani.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mdogo wake, ambaye ndiye anayewasomea haya na bado haamini alichokifanya. Ametaka yasemwe hapa mbele ya watu, yasinong'onwe jikoni. Mwenye vidonge nyumbani asiviache kwa kusomewa na ndugu, akamuulize aliyemwandikia.

Mungu ampe dada yetu utulivu ambao mwili wake ulimnyima.