Chrispinus Wanzala Makhanu: Mhandisi, Wala Si Daktari

Marehemu Chrispinus Wanzala Makhanu, tunayemlaza leo katika boma la baba yake hapa Navakholo, alikuwa mhandisi wa kemia. Hakuwa daktari. Tangazo lililobandikwa sokoni wiki iliyopita, pamoja na nakala za kwanza za ratiba hii, vilimwita daktari. Tumeviondoa, na sababu ya kosa hilo itasomwa hapa mbele ya mwili wake, kwa maana si kosa la mchapishaji.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Makhanu, mkulima wa miwa, na Mama Sellah Nafula. Utotoni kazi yake jikoni ilikuwa kuchuja musherekha: kumimina maji juu ya majivu ya maganda ya maharagwe ndani ya mkebe uliotobolewa, na kukinga yanayodondoka ili yalainishe mboga. Siku moja alimimina bila kipimo, na mboga ya wageni ikakataa kulainika. Mama hakumchapa. Kesho yake alimkuta amechuchumaa mbele ya mkebe, akionja kila kikombe kwa ncha ya ulimi na kuchora alama ukutani kwa kaa. Kikombe cha nne, alitangaza, ndicho cha mwisho chenye nguvu.

Baada ya shule ya msingi na ya sekondari papa hapa nyumbani, alijiunga na chuo cha Sigalagala mwaka 2004, akapata stashahada mwaka 2007, kisha shahada ya uhandisi wa kemia mjini Eldoret mwaka 2013. Tarehe 6 Desemba 2014 alifunga ndoa na Beverlyne Awinja, na Mungu akawajalia watoto wawili.

Mwaka 2015 aliajiriwa Nairobi na kampuni iliyokuwa ikijiandaa kutengeneza dawa ya sumu ya nyoka. Dawa hiyo husafishwa ndani ya mnara mwembamba wa chuma uliojaa chembechembe za kunasa kinachotakiwa. Kabla ya kila mkupuo mpya, mnara husukumiwa maji maalumu yenye chumvi, yaitwayo bafa, ili yatoe mabaki na sabuni kali iliyotumika kuusafisha. Yakipungua, sabuni huingia kwenye dawa ya mtu. Yakizidi, siku nzima hupotea. Chrispinus aliijenga minara hiyo ndani ya kompyuta na kuiosha humo mara mamia, mpaka akajua kipimo. Mwenzake, Bwana Kipruto, ametueleza kwamba mwaka 2021 maelekezo ya muuzaji yalitaka mnara uoshwe kwa maji ya ujazo wake mara tatu. Hesabu za Chrispinus zilisema mara tano, kwa kuwa maji yaliyo kando ya ukuta hukawia. Wakubwa walikasirika. "Hakupaza sauti," alisema Kipruto. "Alikaa na ile karatasi ya idhini bila kutia sahihi mpaka tukapima." Walipopima baada ya mara ya tatu, sabuni ilikuwa bado imo.

Sisi jamaa zake hatukumuuliza kuhusu kazi hiyo. Krismasi ya mwaka 2022 aliifungua kompyuta mezani ili baba yake aone mnara huo ukioshwa, mstari wa rangi ukishuka taratibu. Dada yake Phoebe, mwalimu wa kemia mwenye shahada, aliyepaswa kuelewa kuliko wote, alisema mbele ya jamaa: "Yaani ndugu yangu umesoma miaka yote hiyo uje kuosha bomba ambalo halipo?" Watu wakacheka. Mjomba akauliza kama na ugali angependa kula ule usiokuwepo. Chrispinus alicheka pamoja nao, akaifunga kompyuta, na hakuifungua tena katika boma hili.

Kwa kuionea haya kazi isiyoonekana, tulianza kuwaambia watu kanisani kwamba ni daktari. Alimsihi baba yake: "Baba, siku moja mtu ataniletea mgonjwa." Hatukuacha. Aprili 2024, alipokuja likizo, bodaboda ilisimama langoni ikiwa imembeba Cheruiyot, mkata miwa aliyeumwa na nyoka shambani. Walikuwa wameipita barabara ya hospitali ili wamfikie daktari wetu. Chrispinus aliwaambia waziwazi kwamba siye, akamtia Cheruiyot kwenye gari na kuondoka naye kwa kasi. Cheruiyot alipona, lakini kwa kuchelewa kule alipoteza vidole viwili vya mguu. Chrispinus alimwomba msamaha kwa uongo ambao hakuusema yeye. Sisi tulioupanda hatukumwomba.

Februari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Mwishoni mwa Julai alimwambia Phoebe: "Dada, msiniandike daktari. Cheruiyot atakuwepo pale." Alifariki tarehe 3 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Hata baada ya agizo hilo, kamati ya mazishi iliona cheo kile kinapendeza zaidi, na Phoebe aliuona mswada asiseme neno hadi tangazo lilipofika sokoni.

Bwana Cheruiyot, umeketi nasi leo. Familia ya Makhanu ilikudanganya, na inakuomba radhi hadharani.

Marehemu amewaacha baba na mama yake. Mjane wake, Beverlyne Awinja. Watoto wake, Tyson na Navalayo. Dada yake Phoebe na ndugu zake watatu.

Mungu ampokee mhandisi Chrispinus, na ampe utulivu ambao sisi jamaa zake tulimnyima.